Mkono wa Pili wa Zacheus

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hawajalisoma, nawarudisha kwa kifupi.

Mimi Obure, mtoto wa laini za chai za Kericho, zile nyumba za wachuma chai, sasa mkaaji wa Kaplong, nilimpiga Zacheus kwa nusu fainali ya ligi yetu ya drafti ya mtandaoni. Nilimpiga jioni, mbele ya simu zote kutoka Sotik hadi Chebunyo. Kabla sijashiba kujisifu, Zacheus akaandika kwenye kundi letu la simu: "Obure ni mwizi. Amefungua michezo yangu iliyohifadhiwa akaikariri." Mwenyekiti wa ligi, Kimotho, akasimamisha fainali yangu.

Ungedhani hayo ni mambo ya simu tu. Lakini Jumamosi inayokuja wajomba wangu walikuwa waende kwa kina Winny, mchumba wangu, kuzungumza habari ya ng'ombe wa mahari. Na mama yake Winny, mwalimu Nyakerario, akatuma neno kupitia binti yake: "Nasikia huko kwa drafti anaitwa mwizi. Asafishe jina kwanza. Asipolisafisha, wazee wake wasichoshe miguu."

Ni hivyo tu. Nisafishe jina, nimpate Winny. Nishindwe, nimkose, halafu nimwone akiolewa na mtu fulani wa kuuza bima.

Huyo mama sikuwa nimewahi kumkaribia. Kwetu Wakisii, mtu na mama mkwe wake hawaketi meza moja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni ovyo ovyo. Nikimwona anakuja upande huu wa barabara, mimi nahamia ule. Siku moja nilijificha nyuma ya punda wa maji, na punda akaondoka kabla yangu.

Lakini sifa zake nazijua. Ni naibu mwalimu mkuu. Hunyang'anya watoto vifuniko vya soda wanavyochezea drafti, na kwa gwaride la shule huwaambia kwamba drafti ni mchezo wa watu waliofukuzwa kazi. Winny aliponiambia hivyo nilicheka kidogo tu, kwa heshima.

Sasa tuingie kwa kesi.

Tulikutana Jumapili alasiri kwa stoo iliyo nyuma ya duka la Kimotho la vifaa vya ujenzi, katikati ya mabati na mifuko ya simiti. Kimotho alikaa juu ya ndoo ya rangi kama hakimu. Kando yake alikaa Cherotich, katibu wa ligi, msichana wa kutoa na kuweka pesa za simu, ambaye hajawahi kucheka tangu apewe hicho kibanda. Mbele yao, wavivu wote wa soko.

"Mimi nimeuza misumari hapa Kaplong tangu hii barabara ikiwa matope," Kimotho akaanza. "Mwizi namjuanga kwa macho."

"Basi mbona bado wanakuibia?" nikamuuliza.

"Obure, keti."

"Nimeketi, mwenyekiti. Ni mdomo umesimama."

Zacheus akaitwa. Zacheus ni mtu wa boda. Helmeti haitoki kichwani hata akila ugali, na mimi nina hakika ndani yake hakuna kitu kinacholindwa. Ni binamu ya Winny, anaishi kwa boma la mwalimu Nyakerario, ambaye ni shangazi yake. Undugu huo haukunizuia kumpiga. Undugu na drafti ni vitu viwili.

"Waheshimiwa," akasema, "mimi nimeonewa."

Waheshimiwa ndio hao, mmoja amekalia ndoo.

Cherotich akanigeukia. "Obure, ulifungua michezo ya Zacheus?"

"Nilifungua."

"Mingapi?"

"Yote."

Watu wakanung'unika. Mtu mmoja akasema "haya," vile watu husema wakiona gari limeingia mtaroni.

"Nani alikuruhusu?"

"Nani alinikataza? Programu inahifadhi kila mchezo. Mtu yeyote akibonyeza anaona. Pale stendi, kwa benchi, si huwa tunasimama nyuma ya wachezaji tukingoja zamu? Tunaangalia. Hakuna aliyeambiwa afumbe macho. Sheria ya benchi ni moja, usiseme. Mimi sikusema. Niliangalia tu, na nikaangalia kwa simu."

Vichwa kadhaa vikatikisika. Nilikuwa nimeshawapata.

Halafu Zacheus akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani kukatoka kitu.

"Kwa benchi mimi nakuona," akasema. "Nikikuona umesimama nyuma yangu, ule mtego wangu mzuri nauficha. Nacheza mwingine. Kwa simu umesimama nyuma yangu tangu Machi na sijasikia hata pumzi yako. Hiyo ni kuangalia, ama ni kuchungulia mtu akioga?"

Wacha niseme ukweli, kwa sababu hapa ndipo pa kuusemea. Hilo lilikuwa neno la maana. Liliniuma zaidi kwa kuwa lilitoka kwa mdomo ule. Ni kama kuumwa na kuku.

"Amesema," wazee wa benchi wakaitikia. "Huyo amesema."

Kimotho akajikuna kidevu. "Mimi naona ni kama fundi anayepima nyumba ya jirani kupitia dirisha. Dirisha liko wazi, sawa. Lakini ulikuwa unafanya nini hapo dirishani?"

"Mwenyekiti, sheria za ligi zinasema nini?"

"Hazisemi."

"Basi nimevunja nini?"

"Umevunja adabu," Kimotho akasema. "Na mimi nikihukumu, adabu ni sheria."

Nikaona mkono wake unaelekea mfukoni kwa simu, aandike uamuzi kwenye kundi. Ukishaandikwa hapo, mwalimu Nyakerario angeusoma kabla ya chai ya jioni. Winny ndiye huyo anaenda na mtu wa bima.

Ikanibidi nitoe kile nilichokuwa nimekihifadhia fainali.

"Sawa, mwenyekiti," nikasema. "Tuseme mimi ni mwizi. Mwizi huiba cha mtu. Sasa niambieni nimemwibia nani, kwa sababu ile akaunti ya Zacheus inachezwa na watu wawili."

Zacheus akashika helmeti kwa mikono yote miwili, kana kwamba upepo umeingia.

"Fafanua," Cherotich akasema.

Nikafafanua, na niliringa nikifafanua. Mtu akisoma michezo ya mwenzake tangu Machi humjua kuliko mkewe. Mchana, ile akaunti inakula chochote kinachopita mbele yake, kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa. Inaona kete moja, inaruka. Haijali nyuma kumebaki wazi. Inafikisha kete moja mwisho wa ubao, inapata kingi, inaanza kuringa, inapigwa. Huyo ni Zacheus. Hata akiendesha pikipiki ni hivyo hivyo.

Jioni, ile ile akaunti inageuka. Safu ya nyuma haiguswi. Inangoja. Inakuacha ujione bingwa. Halafu inakutolea kete moja upande wa kushoto, na kwa drafti ukitolewa lazima ule. Ukishakula, inazoa tatu zako na kuingia kingi. Nilipoona mtego huo umewanasa watu tena na tena, nikaapa hautaninasa. Nusu fainali ilipochezwa jioni nilijua ni nani ameshika simu, nikaliziba lile tundu la kushoto mapema. Ndiyo hivyo nilishinda.

"Huo ni mkono wa pili," nikamalizia. "Na si wa Zacheus. Zacheus hawezi kungoja hata maji yachemke."

"Uongo," Zacheus akasema, lakini alimwambia kiatu chake.

Kimotho alipenda sana jambo hili. Mtu wa misumari hupenda kitu cha kugonga. Akatoa ubao wake wa mbao na vifuniko vya soda, akaviweka mezani, Cherotich akafungua mchezo mmoja wa jioni kwenye simu, akapanga vifuniko vile vile hatua moja kabla ya mtego.

"Zacheus, huu mchezo ulishinda. Zamu ni yako. Cheza kama ulivyocheza."

Zacheus aliutazama ubao kama mtu aliyeulizwa bei ya ndege. Mkono ukaenda kulia, ukarudi. Ukaenda kati, ukarudi. Upande wa kushoto, mtego wenyewe ulikuwa pale unamngoja tu.

"Chukua wakati wako," nikamwambia. "Hata mwenye mkono wa jioni hutulia."

Akashika kifuniko cha katikati, akasukuma. Cherotich, bila kubadilisha uso, akala viwili vyake.

Soko lote likaangua kicheko. Mzee mmoja ilibidi ashikilie bati. Nami nikasimama, nikapiga saluti.

"Nani mwenye huo mkono?" Kimotho akauliza.

"Siwezi kusema," Zacheus akasema.

"Kwa hivyo yuko."

"Sijasema yuko. Nimesema siwezi kusema." Akanitazama kwa namna ambayo siku nyingine ningeiita huruma. "Obure, wachana na hii maneno. Kwanza mimi sikutaka kukushtaki. Niliambiwa nikushtaki."

Mtu mwenye akili angesikia hapo kengele. Mimi nilisikia makofi.

"Mwenyekiti," nikasema, "hatuhitaji aseme. Programu haihifadhi kete peke yake. Inahifadhi na maneno tuliyoandikiana kando ya ubao. Nilicheza na huo mkono jioni nyingi za kirafiki kabla ya ligi. Someni mazungumzo. Mtu hujulikana kwa anavyojibu."

Hivyo ndivyo nilivyochimba shimo, nikalipima kama linanitosha.

Cherotich akasoma. Alisoma kwa sauti ile ile anayosomea salio lako.

"Obure anasema: 'Unacheza kama shangazi anayetafuta miwani akiwa ameivaa.'"

Kicheko.

"Jibu: 'Cheza.' Amemalizia na nukta."

"Endelea," nikasema, nikijipepea kwa kofia.

"Obure anasema: 'Kingi wako ananuka kikwapa, mpeleke mtoni.' Jibu: 'Adabu si mzigo, kijana. Cheza.' Nukta. Obure anasema: 'Aliyekuzaa anajuta, na aliyekuoa amehamia Fort Ternan.'"

Hapo hata Kimotho alicheka, mkono ukiwa umefunika meno.

Ndipo nikamwona Winny. Alikuwa amesimama mlangoni kwa mwavuli, maana mvua ilikuwa imeanza kuchezea mabati. Alikuja kusikia jina langu likisafishwa. Lakini uso wake haukuwa wa mtu anayesikia habari njema.

"Obure," akasema polepole. "Nyamaza."

Nilidhani ananionea haya kwa sababu ya matusi. Wasichana hupenda mtu awe na heshima hadharani.

"Ngoja kidogo, Winny. Mwenyekiti, umesikia hayo majibu? Hakuna kijana Kaplong anayeweka nukta mwisho wa neno moja. Huyo ni mtu mzima, amesoma, na anaogopa kujulikana. Amejificha nyuma ya helmeti ya mtu mwingine, nikampiga, akamtuma huyu aniite mwizi. Mimi naomba kitu kimoja tu. Aje hapa. Akae mbele yangu, ana kwa ana, kwa ubao wa mbao, hakuna cha simu hakuna cha kuhifadhiwa. Tuone nani mwizi."

"Obure, nakuomba," Winny akasema.

"Awe nani, awe nani, nitakaa naye."

"Umesema mbele ya watu," Kimotho akasema.

"Nimesema. Iandike."

Kimotho akaiandika, na kabla ya kuituma akaisoma kwa sauti, kwa furaha ya mtu ambaye Jumapili yake imependeza. Mwenye mkono wa pili atakuja acheze na Obure ana kwa ana leo. Obure akishinda, jina lake ni safi na fainali ni yake. Akishindwa, fainali itakwenda kwa aliyemshinda, lakini hakuna atakayemwita mwizi tena. Mmoja wao akikataa kukaa, huyo ndiye mwizi, na isemwe hivyo soko zima.

"Imetumwa," akasema. "Zacheus, mpigie huyo mtu wako."

Zacheus hakupiga. Alisema, "Ako kwa kundi. Ameshasoma."

Nikamgeukia Winny nikitabasamu. Alikuwa amekunja mwavuli, na maji yalikuwa yanamtiririkia viatuni bila yeye kujali.

"'Adabu si mzigo,'" akasema. "Hayo maneno nimeyasikia kila asubuhi tangu nianze kutembea. Yako kwa mlango wa ofisi yake."

"Ofisi ya nani?"

"Obure. Ni mama."

Nilicheka. Haki ya nani nilicheka, kwa sababu akili ilikuwa bado haijafika.

"Mama yako huwanyang'anya watoto vifuniko vya soda."

"Na huvipeleka wapi?" Zacheus akauliza. "Nyumbani kuna karai mbili."

Ndipo akili ikafika, na haikubisha hodi. Shangazi anayetafuta miwani. Kikwapa. Aliyekuoa amehamia Fort Ternan. Marehemu mumewe amezikwa pale pale nyuma ya jikoni. Nimewahi kuonyeshwa kaburi.

"Alijua ni mimi?" nikauliza.

"Hakujua," Zacheus akasema. "Kwa programu jina lako si ni Majani Mawili? Aliniambia tu nimshtaki huyo Majani Mawili, kijana mchafu wa mdomo. Mimi nikaandika jina lako kwa sababu nakujua. Aliposoma kwa kundi kwamba ni Obure, Obure wa Winny, alirudia kusoma mara mbili. Halafu ndiyo akatuma lile neno la kusafisha jina."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia uwachane na hii maneno. Ukaomba mazungumzo yasomwe."

Nikamwendea Kimotho. Nilimwendea nimeinama, kwa sauti ya mtu anayeomba simiti kwa mkopo.

"Mwenyekiti, hiyo amri tuibadilishe kidogo. Tucheze kwa simu. Kila mtu kwake."

"Ulisema hakuna cha simu."

"Basi tutundike shuka katikati. Mtu wa tatu asogeze kete."

"Ulisema ana kwa ana." Kimotho hakuwa na ubaya, alikuwa tu na starehe. "Obure, mimi kwetu ni Nyeri. Hayo mambo yenu ya wakwe siyajui. Mimi najua kilichoandikwa."

"Wazee wa kwetu mko hapa," nikawageukia wale wa benchi. "Semeni kitu."

Mzee mmoja Mkisii, yule yule aliyeshikilia bati, akakohoa. "Kijana, mtu hakai mbele ya mama mkwe. Hilo liko wazi. Ukikaa pale umemvua heshima mbele ya soko, na hakuna mzee wa upande wao atakayepokea wajomba wako."

"Kwa hivyo nisikae."

"Usipokaa wewe ni mwizi. Hilo pia liko wazi. Na mwizi hapewi msichana." Akafikiri kidogo. "Mimi mwenyewe singependa kuwa wewe."

Nje, mvua ikanyamaza. Mlangoni watu wakaanza kugawanyika pande mbili bila kuambiwa, vile darasa hugawanyika.

Mwili wangu ulifanya kile ulichozoea kufanya. Nilijikuta nyuma ya mifuko ya simiti, nimechuchumaa. Kutoka hapo niliona viatu vyeusi vya ngozi vikiingia, bila haraka, vikikwepa matope. Vikapita karibu na Zacheus. Helmeti ikatoka kichwani, mara ya kwanza soko kuona nywele zake. Vikafika mezani. Kiti kikavutwa. Akakaa.

Hakuna aliyecheka. Nikasikia vifuniko vikipangwa kimoja kimoja. Safu ya nyuma aliianza kwanza.

"Winny," sauti ikasema, ile sauti ya gwaride. Hakuielekeza kwangu, mpaka hapo alikuwa ameshika heshima yote. "Mwambie kijana kwamba kwa mara ya kwanza tangu nijue huu mchezo, mtu aliuona mtego wangu. Nilikasirika, nikamshtaki. Mwambie leo nimekuja bila kujificha, nikijua watoto wa shule nzima watasikia kesho. Mwambie sikuja kucheza na mkwe. Sina mkwe bado. Nimekuja kucheza na Majani Mawili."

Winny akaja mpaka kwenye simiti, akainama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Anamaanisha nini? Anasema ninaweza kukaa, ama anasema nikikaa sitawahi kuwa mkwe?"

"Sijui," Winny akasema. "Na yeye haelezangi kitu mara mbili."

"Kaa, Obure," Kimotho akaita. "Ama niandike."

Nikainuka. Simiti ilikuwa imenipaka magoti yote. Niliuendea ule ubao nikiwa nimeangalia chini, nikaona mkono wake, mkono wa pili wa Zacheus, wenye chaki ukingoni mwa kidole, ukisukuma kifuniko cha kwanza. Kisha ukatulia mezani.

Ilikuwa zamu yangu. Nikashika mgongo wa kile kiti kitupu. Nyuma yangu Winny akavuta pumzi na hakuitoa, na mimi mwenyewe sikujua kama nilikuwa nakivuta kiti nikae, au nakisukuma nipite niondoke.